Watu Waliondoka, Ngazi Ikabaki

Kwenye Kiswahili chetu cha kambini hatuna neno moja la kutaja ile hali ya mtu kufunguliwa mlango kabla hajabisha hodi. Wengine wanasema bahati. Wengine wanasema upendeleo. Vijana ninaokutana nao kila Jumamosi wamechagua neno "unafuu", na mimi nimelipenda kwa sababu halimtukani mtu. Mwenye unafuu si lazima awe mwizi. Mara nyingi hata hajui kama anao. Lakini unafuu wake una historia, na historia hiyo ina tarehe, ina sheria, ina miji.

Miji ninayotaka kuandika habari zake ni Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda. Naijua kidogo yote miwili. Mbale nilimalizia sekondari. Jinja nilikuwa naenda likizo kwa mama mdogo, kule Walukuba. Sikuzaliwa huko; mimi ni Mkongo kama wengi wenu, nililetwa Uganda nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Labda ndiyo maana nilikuwa naulizauliza vitu ambavyo wenyeji wameshavizoea. Kwa nini majumba ya katikati ya mji yana majina ya Kihindi na miaka ya zamani juu ya mlango? Kwa nini nyumba za Walukuba ni ndogo na zinafanana, na zile za upande wa uwanja wa gofu ni kubwa na zina bustani? Kwa nini wazee wa Mbale wanajua Kiganda vizuri namna ile, wakati wao si Baganda?

Na kwa nini niandike habari hizi sasa? Kwa sababu tangu Julai 2023 mgao wa chakula wa wakimbizi Uganda umegawanywa katika makundi matatu. Mwanzoni kundi la kwanza lilipata asilimia 60 ya mgao kamili, la pili asilimia 30, la tatu halikupata kitu. Sote tunajua kilichofuata. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha kusalimiana. Mtu anamwangalia mwenzake anajiuliza: huyu kapewa nini, mimi nimenyimwa kwa nini? Watu hawasemi wazi. Wanasemea jikoni, usiku, kwa lugha ya kabila lao. Nikasema ngoja niwaonyeshe miji miwili ambayo watu wake walisemea jikoni kwa miaka mingi, na yaliyowapata.

Mbale: mtu wa ngazi ya katikati

Tuanze na Mbale, kwa sababu watu wengi wanadhani unafuu ni habari ya rangi tu. Mbale inakataa.

Mwisho wa mwaka 1899 jemadari mmoja Mganda, Semei Kakungulu, alielekea mashariki na wafuasi wake wenye bunduki. Alikuwa amewasaidia Waingereza kwenye vita vyao, na mwaka huo huo alishiriki kuwakamata wafalme wawili, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Huko mashariki alijenga ngome, akachora barabara, akapanda miti, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaweka makao yake Mbale. Mji ulikua kumzunguka. Wafuasi wake Baganda wakawa wakubwa wa maeneo, na utawala ukaendeshwa kwa Kiganda. Hata Kakungulu alipopunguziwa madaraka, Waingereza waliendelea kuwatumia Baganda kama mawakala wa kutawala Wagisu, Wagwere, Wateso na wengine. Mwaka 1906 yeye mwenyewe alipelekwa Jinja kuwa mkuu wa baraza la Busoga, akakaa huko mpaka 1913.

Fikiria wewe ni Mgisu wa mwaka 1910. Shamba ni lako, mlima ni wako, lakini ukienda kushtaki kesi unaisikia inaendeshwa kwa lugha ya mgeni. Anayejua lugha hiyo ndiye anayejua sheria. Anayejua sheria ndiye anayeandikiwa ardhi. Hakuna aliyekutukana kwa sababu ya rangi, maana wote ni weusi. Lakini ngazi ipo, na wewe uko chini.

Sasa geuza upande wa pili. Kakungulu naye alikuwa na ndoto ya kuwa mfalme wa nchi ile. Waingereza walimwachia afanye kazi ngumu, halafu wakachukua eneo na kumpunguza kidogo kidogo. Mwaka 1919 alijitenga na wamisionari na kuanzisha jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao wapo karibu na Mbale mpaka leo. Alifariki 1928, hajapata ule ufalme. Kwa Mgisu alikuwa mkubwa. Kwa Mwingereza alikuwa mtumishi.

Hili ni somo la kwanza, na ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu anaweza kukukandamiza huku naye anakandamizwa. Uchungu wake hauondoi unafuu wake, na unafuu wake haufanyi uchungu wake kuwa uongo. Vijana wangu wengi wanataka mtu awe upande mmoja tu. Maisha hayako hivyo.

Jinja: pamba, mzani na mshahara

Jinja ilikuzwa na pamba na reli. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi waliobaki hai walirudi kwao, na wachache, kama 6,700, ndio waliobaki Afrika Mashariki. Kwa hiyo si kweli kwamba kila Mhindi wa Uganda ni mjukuu wa kibarua wa reli. Wengi walikuja wenyewe baadaye, wafanyabiashara na makarani, wakifuata ndugu aliyetangulia. Hilo tunalijua sisi, si ndiyo? Na sisi tulimfuata ndugu aliyetangulia.

Pamba ililetwa Uganda mwaka 1903 na 1904, na wakulima wa Busoga wakaambiwa wailime ili wapate pesa ya kodi. Mwaka 1912 reli ya Jinja mpaka Namasagali ikafunguliwa kubeba pamba hiyo. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka Nile. Hapo katikati mpango wa kazi ukawa hivi: Mwafrika analima, Mhindi ananunua na kuchambua kwa mashine, Mzungu anatoa leseni, anapanga bei na kusafirisha nje. Kwa miaka mingi viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa karibu vyote mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Mkulima hakuwa na njia ya kufika kwenye mashine, hata akiwa na akili na bidii kiasi gani.

Wakati wa vita kuu ya pili na baada yake, serikali ilimlipa mkulima bei ya chini kuliko soko la dunia na kuweka ziada kwenye mifuko yake. Lakini mkulima alipobeba gunia mpaka kituo cha kununulia, uso aliouona kwenye mzani ulikuwa uso wa Mhindi au wa karani wake. Gavana hakuuona. Hasira ikaenda kwa uso ulio karibu. Kumbe aliyepanga hesabu alikuwa amekaa Entebbe anakunywa chai.

Mji wenyewe ulijengwa kwa ngazi ile ile. Wazungu walikaa kwenye viwanja vikubwa upande wa gofu. Wahindi walikaa katikati, duka chini na familia juu au nyuma. Waafrika wafanyakazi wakajengewa Walukuba, na waliokosa nafasi wakajibanza vijiji vya pembeni. Shule zilitengwa, hospitali zilitengwa. Malkia Elizabeth alipokuja tarehe 29 Aprili 1954 kufungua bwawa la umeme la Owen Falls, waya za umeme zilitoka pale pale Jinja kwenda mbali, lakini si kila nyumba ya waliochimba msingi ilipata taa.

Na mshahara je? Hapa ndipo nataka watu wa mashirika wasome polepole. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali Afrika Mashariki, ilikubali kanuni ya tatu kwa tano. Maana yake: asiye Mzungu, akiwa na cheo kile kile, kazi ile ile, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Mwenzake akipata shilingi 100, yeye 60. Haikuwa siri. Iliandikwa, ikapigwa chapa, ikatetewa kwa maneno ya heshima: eti Mzungu yuko mbali na kwao, eti ana mahitaji mengi.

Watumishi walilalamika kwa jina na kwa hesabu. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikaja na pendekezo la kuondoa kanuni hiyo, ikaondolewa. Vilevile kwenye pamba. Baada ya ghasia za 1945 na 1949 huko Buganda, ambapo wakulima walidai kuchambua pamba yao wenyewe, Gavana Andrew Cohen aliyekuja 1952 alianza kufungua njia kwa vyama vya ushirika kununua viwanda. Mbale nako, Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kikaandikishwa 1954, wakulima wa kahawa ya mlimani wakaanza kuuza kahawa yao kupitia chama chao.

Kanuni ya mshahara iliondoka bila mtu kufukuzwa. Iliondoka kwa sababu ilikuwa imeandikwa, watu waliitaja, wakaihesabu, wakaibishia. Sisemi kwamba ilitosha. Haikutosha hata kidogo. Lakini jambo lililowekwa mezani liliweza kuguswa.

Yale ambayo hayakuwekwa mezani

Mengine yalibaki jikoni. Mhindi mwenye duka alijiambia: sisi tumefanya kazi, baba alilala dukani juu ya magunia, tulikula mara moja kwa siku. Na ni kweli kwa wengi. Bidii ilikuwepo. Lakini bidii ile ilikuwa na udongo wa kuotea: ukoo wenye bohari Kampala au Mombasa wa kumkopesha mali, leseni, benki inayomfahamu, shule ya watoto wake iliyo bora kuliko ya mtoto wa mkulima. Mwafrika naye alijiambia: hawa ni wezi wote. Na si kweli. Kulikuwa na matajiri wakubwa kama Muljibhai Madhvani, aliyefungua kiwanda cha sukari Kakira mwaka 1930. Lakini kulikuwa na Wahindi mafundi seremala, makarani, walimu, wajane wanaoshona nguo, watu waliopanga chumba kimoja. Duka lile lile la Mhindi ndilo lililomkopesha mkulima chumvi na mafuta ya taa mpaka mavuno, na ndilo lililomtoza bei.

Hayo yote mawili yangeweza kusemwa mezani. Nani alisema? Mhindi aliogopa kwamba akikubali ana unafuu, atanyang'anywa. Mwafrika aliogopa kwamba akikubali Mhindi ana bidii, madai yake yatazimwa. Kila mmoja akakaa na nusu yake ya ukweli. Mwaka 1959 wananchi wa Buganda wakasusia maduka ya Wahindi. Ulikuwa ujumbe, lakini ujumbe bila kikao.

Mbale waliona jambo lingine, na hili linatuhusu zaidi ya yote. Kulikuwa na kodi iliyopimwa kulingana na mali ya mtu. Mwenye ng'ombe wengi alipe zaidi, maskini alipe kidogo. Kwa maandishi ni haki kabisa. Lakini waliopima walikuwa machifu na kamati zao. Watu wakaona rafiki wa chifu anapimwa mdogo, na mwenye mbuzi wawili aliyewahi kubishana na chifu anapimwa mkubwa. Ukikata rufaa, unakata kwa nani? Kwa yule yule. Januari 1960 Bukedi ikalipuka, nyumba za machifu zikashambuliwa, na moto ukaenea mpaka Bugisu. Polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Baadaye serikali ikaunda tume ya kuchunguza.

Tumeisoma habari hii mara tatu kwenye kikundi chetu. Kijana mmoja alisema, "Dada, hawa walikuwa wanapigania makundi kama sisi." Ndiyo. Malalamiko makubwa hayakuwa kodi peke yake. Yalikuwa namna ya kupimwa: nani kanipima, kwa kipimo gani, na nikisema amekosea nani atanisikia.

Siku 90

Uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Bendera ilibadilika, ngazi ikabaki. Na ikawa rahisi kwa mwanasiasa kutafuta mtu wa kusukuma badala ya kugusa ngazi.

Wa kwanza hawakuwa Wahindi. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao Wajaluo, watu wa reli, viwandani na mashambani. Walioishi Jinja miaka na miaka wakaambiwa nyinyi si wa hapa. Hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa wa ngazi ya chini kabisa. Nalikumbusha hili kila mara, kwa sababu anayeanza kwa kusema "tuwafukuze wenye mali" haishii kwa wenye mali.

Januari 1971 Amin akachukua nchi. Tarehe 4 Agosti 1972, akihutubia wanajeshi Tororo, mji usio mbali na Mbale, akatangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke. Wakapewa siku 90. Baadaye hata waliojiona ni raia wa Uganda wakapangishwa foleni kukaguliwa karatasi, na wengi wakaambiwa karatasi zao hazifai. Sensa ya 1969 ilikuwa imehesabu Waasia karibu 74,000 nchini. Mpaka Novemba 1972 walikuwa wamebaki wachache sana.

Sisi tunajua foleni ya karatasi ni nini. Tunajua kuondoka na sanduku moja, kupekuliwa kwenye kizuizi cha barabarani, kunyang'anywa pete ya mama. Zaidi ya 27,000 walifika Uingereza, na wengi wao walianzia kwenye kambi za zamani za jeshi, kwenye baridi, wakila kwa foleni. Kanada ikapokea maelfu. Waliokosa uraia wowote wakasaidiwa na Umoja wa Mataifa, wakatawanywa nchi mbalimbali. Mtu aliyekuwa na duka Jinja mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja ni mkimbizi anayeshika sahani. Mjane aliyeshona nguo aliondoka kama tajiri. Siku 90 hazikuuliza nani ana nini.

Barabarani wengi walishangilia. Nimeongea na mzee mmoja wa Walukuba aliyekuwa kijana wakati huo. Aliniambia, "Mwanangu, tulifikiri mlango wetu umefunguka." Nikamuuliza, ulipata nini? Akacheka. "Nilipata kuona mwanajeshi anafungua duka kwa risasi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakubwa na wanajeshi walipita mtaa kwa mtaa wakigawana. Wananchi wakawapa waliopata jina la Kiswahili ambalo Uganda haijalisahau: mafuta mingi. Wenye mafuta mingi wakauza mali iliyokuwemo, na ilipoisha hawakujua iagizwe wapi. Uzalishaji wa sukari Kakira ukaporomoka. Mji uliozungukwa na miwa ukakosa sukari, watu wakanunua kwa magendo. Viwanda vikakosa vipuri, wafanyakazi wa Walukuba wakakosa kazi. Walio juu walikuwa wapya. Walio chini walikuwa wale wale, tena na njaa.

Baadaye sheria ya 1982 iliweka utaratibu wa kurudisha mali. Akina Madhvani walirudi Kakira 1985, na wengine wakarudi miaka ya 1990. Leo miwa ipo tena kandokando ya barabara ya kwenda Iganga. Lakini ukikaa kwenye kibanda cha chai Jinja utasikia maneno yale yale ya jikoni: Wahindi hivi, sasa Wachina vile. Na upande wa pili: hawa wenyeji ni wavivu, hawaaminiki. Miaka zaidi ya 50, na kikao bado hakijafanyika.

Na sisi je?

Nisieleweke vibaya. Sisemi mashirika ni wakoloni, wala sisemi mkimbizi wa leo ni mkulima wa pamba. Watu wa mashirika wametuletea maji, dawa, na shule. Uganda imetupa ardhi ya kulima na, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, haki ya kufanya kazi na kutembea. Nchi nyingi hazitoi hivyo. Lakini shukrani haizuii mtu kuona ngazi.

Ngazi ya kwanza ni ya kazi. Juu kuna wageni wa kimataifa, katikati Waganda wa mkataba, chini mkimbizi anayetafsiri, anayehamasisha, anayezunguka mitaa kwenye jua, analipwa insentivu. Mimi ni mmoja wao. Najua zipo sababu: vyeti, bajeti, sheria za mikataba. Sababu nyingine ni za kweli. Lakini kanuni ya tatu kwa tano nayo ilikuwa na sababu. Ninachoomba si kwamba wote tulipwe sawa kesho asubuhi. Ninaomba sababu ziandikwe, zisomwe mbele yetu, nasi turuhusiwe kuzibishia bila kuogopa kupoteza ile insentivu.

Ngazi ya pili ni ya makundi ya mgao. Tuikumbuke Bukedi 1960. Kupima watu kwa uhitaji si vibaya, maana chakula hakitoshi. Ubaya ni kupima gizani. Anayekosa mgao ajue kipimo kilichotumika, na rufaa yake isiende kwa aliyempima.

Ngazi ya tatu ni yetu wenyewe, na hapa ndipo tunapopenda kunyamaza. Mwenye ndugu Marekani au Kanada anayemtumia pesa kwenye simu si sawa na asiye na mtu. Anayejua Kiingereza anasikia habari ya kazi kabla ya tangazo. Mkalimani anaweza kufupisha kesi ya mtu mpaka ikafa, kama ile mahakama ya Kiganda kule Mbale. Aliyefika zamani ana kiwanja kizuri karibu na barabara, aliyefika mwaka jana yuko bondeni kwenye maji. Mvulana anasoma jioni wakati dada yake yuko kwenye foleni ya bomba. Wazee wetu wa Kongo wanawakumbuka wale evolue wa wakati wa Wabelgiji, waliopewa kadi ya kuonyesha kwamba wamestaarabika. Kadi zimeisha, lakini tabia ya kumwangalia mwenzako kutoka juu, je?

Mimi mwenyewe unafuu wangu nautaja: nilisoma mpaka sekondari kwa sababu mtu alinilipia, najua lugha nne, na wewe unasoma maneno yangu, si ya binti wa jirani ambaye ana akili kunizidi. Kusema hivyo hakunifanyi mwizi. Kunanifanya nijue kwa nini nafasi yangu ya kusema nisiitumie peke yangu.

Na kuna majirani zetu wenyeji. Mpango wa serikali unataka sehemu ya misaada, asilimia 30, iende kwao. Lakini wao wanaona malori yanapita, wanaona kuni za msitu zinaisha. Sisi tunaona mashamba yao na karatasi zao za uraia. Kila upande una nusu ya ukweli, kama Jinja. Tusisahau Oktoba 1982 kule Mbarara: Wanyarwanda, wakimbizi na hata raia, walifukuzwa majumbani, ng'ombe wakachukuliwa, makumi ya maelfu wakakimbia kurudi Rwanda au kuingia makambi kama Nakivale. Wengine walikuwa wameishi na majirani wale miaka 20 na zaidi. Ujirani bila mazungumzo ni nyumba nzuri iliyokosa msingi.

Kwenye kikundi chetu tumejiwekea taratibu nne. Sizileti kama sheria, ila jaribuni.

Moja, tunataja ngazi, hatutaji kabila. Badala ya "Wabembe wanapendelewa", tunasema "orodha ya kazi ilisomwa lugha moja tu".

Mbili, aliye juu anaanza kusema. Kama kuna mtu wa shirika kwenye kikao, aeleze kwanza yeye alifikaje pale na ana nini. Aliye chini akilazimishwa kuanza, atasema unachotaka kusikia.

Tatu, hesabu inawekwa mezani. Kilo ngapi, shilingi ngapi, nafasi ngapi, zimekwenda kwa nani. Kanuni ya mshahara ya 1948 iliangushwa kwa kuwa ilikuwa na namba. Manung'uniko yasiyo na namba yanazunguka tu kama moshi.

Nne, kikao hakifungwi mpaka jambo moja, hata dogo, limeandikwa na tarehe yake. Mwezi uliopita jambo letu lilikuwa hili: matangazo ya kazi yabandikwe bombani, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, siku ile ile yanapobandikwa ofisini. Sasa yanabandikwa. Binti mmoja aliliona tangazo akiwa na dumu lake, akaomba, akapata kazi ya miezi mitatu. Ni kazi ndogo. Lakini zamani asingeiona.

Kwenu watu wa mashirika mnaosoma jarida hili: mkituita kwenye mkutano wa kutoa maoni, tuleteeni pia majibu ya maoni ya mkutano uliopita. Kwenu majirani zangu wa kambini: mwenye unafuu si adui, na asiye nao si mvivu. Jumamosi hii saa nane tunakutana tena chini ya mwembe nyuma ya shule. Mada ni moja: nani anapima, na nani anampima anayepima. Njooni na namba zenu.